Kahawa haina kosa: jibu kwa mama wa Katuba kuhusu jeni ya NF1

Swali, nimelifupisha kidogo: "Daktari, mtoto wangu wa kiume ana miaka 6. Tangu mchanga ana madoa ya kahawia mwilini, tumehesabu 9, na sasa yametokea mengine madogomadogo kwapani. Daktari aliyemwona aliandika NF1 (neurofibromatosis ya aina ya 1), akasema madoa hayo kwa Kifaransa yanaitwa 'café au lait'. Mama mkwe aliposikia hivyo akasema basi ni mimi, kwa sababu nilipokuwa na mimba nilikunywa kahawa ya maziwa kila asubuhi. Mimi na mume wangu tulipimwa damu kabla ya ndoa, wote tuko AA, na hakuna mwenye madoa kwetu wala kwao. Nimesoma kwamba NF1 ni jeni inayosimamia mawasiliano ndani ya seli. Mawasiliano na madoa vinahusiana wapi? Ugonjwa umetoka kwa nani? Nikizaa tena itakuwaje? Kaka yangu aliye Ubelgiji anasema kuna dawa. Mama wa watoto wawili, Katuba, Lubumbashi."

Mama, tuanze na kahawa, maana nahisi ndiyo inayokunyima usingizi kuliko hata madoa yenyewe. Jina hilo ni la rangi tu. Madaktari wa Ulaya walikuwa wakitazama ngozi nyeupe, wakaona doa lenye rangi ya kahawa iliyotiwa maziwa, wakaliita hivyo. Kwenye ngozi ya mwanao hata rangi hiyo haipo: doa lake ni jeusi kidogo kuliko ngozi inayolizunguka, kahawa isiyoonja maziwa. Wangekuwa wanatazama watoto wa Katuba pengine wangeliita doa la chokoleti, na leo mama mkwe angekuwa anakuuliza habari za chokoleti. Ungekunywa chai, ungekunywa maji matupu, mtoto angezaliwa na madoa yaleyale.

Hiyo AA nayo naisikia kila wiki. Watu wa Lubumbashi wamejifunza vizuri kupima kabla ya ndoa kwa sababu ya SS, yaani selimundu, na ni jambo la kushukuru, ila wengi wamebaki wakidhani kwamba AA ni cheti cha kusafisha damu nzima. Kipimo kile kinatazama himoglobini, protini nyekundu ya damu, peke yake. Ugonjwa wa SS unataka mtoto apewe nakala mbovu mbili za jeni, moja ya baba na moja ya mama, na kosa lenyewe ni lilelile kwa wagonjwa wote wa SS: herufi moja ya DNA iliyobadilika mahali palepale. NF1 ina tabia nyingine kabisa. Nakala moja ikiharibika inatosha kuleta ugonjwa, na kosa linaweza kutokea popote ndani ya jeni, kwa maelfu ya namna. Hakuna kipimo cha kabla ya ndoa ambacho kingewaonya.

Sasa twende kwenye jeni yenyewe. NF1 ni jina la ugonjwa na la jeni pia, ndiyo maana karatasi za hospitali zinachanganya watu. Ugonjwa ulielezwa kwa kirefu mwaka 1882 na Mjerumani Friedrich von Recklinghausen, kwa hiyo ukikutana na daktari mzee akakwambia "ugonjwa wa Recklinghausen", ni huohuo, asikuogopeshe na jina la pili. Jeni ilipatikana mwaka 1990 na timu mbili za Marekani zilizokuwa zikikimbizana, moja ya Francis Collins huko Michigan, nyingine ya Raymond White huko Utah. Iko kwenye kromosomu ya 17, na inatengeneza protini inayoitwa nyurofibromini.

Mawasiliano yanayosimamiwa na protini hiyo ni haya. Seli haina macho. Inajua kwamba wakati wa kukua umefika pale tu kitu kinapoigusa kwa nje, kwenye utando wake. Mguso huo unaamsha protini ndogo iliyokaa upande wa ndani wa utando, jina lake RAS. RAS ikishika molekuli iitwayo GTP, imewaka. Ikiwaka inaamsha RAF, RAF inaamsha MEK, MEK inaamsha ERK, na ERK inaingia kwenye kiini cha seli kutoa amri: gawanyika, ongezeka. Ujumbe unapita mkono kwa mkono kama ndoo za maji watu wanapozima moto, ila hapa kinachopitishwa ni moto wenyewe.

Kuwasha ni rahisi. Shida ni kuzima. RAS ina uwezo wa kujizima yenyewe kwa kuikata ile GTP, lakini ni mvivu sana, inachukua dakika nyingi, na kwa seli dakika nyingi ni muda wa kufanya makosa mengi. Fikiria mbabula yako, lile jiko la mkaa. Ukishapepea makala, yaani makaa, yakashika moto, ni kweli yatakufa yenyewe, lakini lini? Kabla hayajafa bukari (ugali) itakuwa imeungua. Lazima awepo mtu wa kuja kuyafunika. Nyurofibromini ndiye mtu huyo. Inaiendea RAS iliyowaka, inaichomeka kidole, na GTP inakatwa maelfu ya mara upesi zaidi kuliko RAS ikiachwa peke yake. Sitanii ninaposema kidole: wataalamu wenyewe wanakiita hivyo. Protini nzima ni mnyororo wa asidi amino 2,818, yaani vipande vidogo vinavyoijenga protini, na kinachoingia ndani ya RAS kufanya kazi ni asidi amino moja tu, ajinini, iliyo nafasi ya 1,276. Nimewahi kuona mgonjwa ambaye kosa lake lilikuwa hapohapo. Protini yake ilitengenezwa karibu yote salama, ikakosa kidole.

Kwa hiyo mwanao ana moto unaochelewa kuzimwa. Katika kila seli ya mwili wake kuna nakala moja nzima ya jeni na moja mbovu, kwa hiyo wafunikaji wa makala wako nusu ya wanaotakiwa. Seli nyingi zinavumilia nusu hiyo bila taabu kubwa, ndiyo maana mtoto anacheza na anakula kama wenzake. Lakini mwili una seli nyingi mno, na kila moja inanakili DNA yake kila inapogawanyika. Siku moja seli moja inafanya kosa kwenye ile nakala nzima iliyobaki. Hapo hakuna tena mfunikaji hata mmoja, na seli hiyo inazaa wenzake wasio na wa kuwazima.

Ikiwa iliyopoteza nakala zote mbili ni seli inayotengeneza rangi ya ngozi, na jambo likatokea mapema mtoto angali tumboni, unapata doa. Ikiwa ni seli ya Schwann, ile inayozungushia neva kama plastiki inavyozungushia waya wa umeme, unapata kinundu laini chini ya ngozi. Vinundu hivyo kwa kawaida huanza kuonekana wakati wa kubalehe, halafu huongezeka taratibu, na kwa wanawake huweza kuongezeka wakati wa mimba. Hii ndiyo sababu watu wawili wa nyumba moja, wenye kosa lilelile kabisa, wanafanana kidogo sana: mmoja ana madoa na vinundu vitatu, mwingine ana mamia. Kosa la kwanza walirithi pamoja, ila makosa ya pili kila mtu ameyapata kwa bahati yake, seli kwa seli.

Neno "bahati" halipendwi hapa kwetu, najua. Mtoto akiwa na alama watu wanatafuta mkono wa mtu. Nimewahi kuletewa msichana ambaye vinundu vyake vilikuwa vimechanjwa kwa wembe na kupakwa dawa ili "kutoa kilichotumwa". Kinundu kilikuwa bado kipo, chini ya kovu nene na usaha. Basi tulijibu swali la mama mkwe sawasawa: umetoka kwa nani?

Karibu nusu ya watu wenye NF1 duniani ni wa kwanza katika familia yao. Baba hana, mama hana, bibi hana. Kosa limetokea katika yai moja au mbegu moja ya kiume iliyomtengeneza mtoto huyo. Sababu ni ukubwa wa jeni. Chukua mnyororo mmoja wa beta wa himoglobini, ule unaoharibika kwenye SS: una asidi amino 146. Nyurofibromini ina 2,818, na maandishi yake yamesambaa kwenye DNA kwa karibu herufi 280,000. Mtu akinakili barua ya ukurasa mmoja atakosea mara chache. Mpe daftari zima la deni la duka alinakili usiku kwa mshumaa, halafu uhesabu. Ni jeni mojawapo inayopata makosa mapya mara nyingi sana mwilini mwa binadamu, na ndiyo maana ugonjwa huu haubagui kabila wala nchi: takriban mtoto 1 katika kila 3,000 wanaozaliwa. Mji wetu una watu zaidi ya milioni 2. Gawa mwenyewe, uone kama mwanao yuko peke yake.

Kuna jambo moja nasita kuliandika, lakini umeuliza kwa uwazi na nitajibu kwa uwazi. Makosa mapya ya herufi moja au chache katika jeni hii mara nyingi hutokea upande wa mbegu ya baba, kwa sababu mbegu za mwanaume zinanakiliwa maisha yake yote. Yale makosa makubwa, ya kipande kizima cha jeni kung'oka, mara nyingi hutoka kwenye yai la mama. Sikwambii haya ili uende nayo jikoni kumjibu mama mkwe. Mume wako hakufanya kitu, sawa na wewe usivyofanya kitu. Hakuna chakula, pombe, kazi ya mgodini wala ugomvi ambao ungeweza kuuonyesha ukasema ndiyo huu.

Ila kabla ya kusema kwa uhakika kwamba mtoto ni wa kwanza, nyinyi wawili lazima mtazamwe. Kutazamwa kweli, si kuulizwa. Niliwahi kukaa na baba aliyeapa kwamba mwili wake ni safi kama karatasi. Nikamwomba avue shati. Mgongoni, mahali ambapo hakuna mtu anayejiona, alikuwa na madoa 7, na mke wake akanung'unika kwamba siku zote alidhani ni alama za kazi. Daktari wa macho naye atazame kwenye mboni kwa mashine yake yenye mwanga mwembamba, kwa sababu watu wazima wenye NF1 wengi wana vitone vidogo vya rangi kwenye sehemu ya rangi ya jicho, havidhuru, haviumi, lakini vinasema ukweli.

Mkikutwa hamna kitu, uwezekano wa kuzaa mwingine mwenye NF1 ni mdogo sana, chini ya 1 kwa 100. Siyo sifuri, kwa kuwa mara chache kosa huwa limejificha katika mayai kadhaa au mbegu kadhaa za mzazi bila kuonekana popote kwenye ngozi yake. Mmoja wenu akikutwa nayo, hesabu inabadilika: kila mimba ni nusu kwa nusu, na mimba iliyotangulia haiipunguzii inayofuata. Nusu kwa nusu hiyohiyo itamhusu mwanao atakapokuwa na watoto wake, na ana haki ya kuambiwa mapema, kabla hajachumbia.

Na je, ni NF1 kweli? Kwa mtoto ambaye hajabalehe tunahesabu madoa 6 au zaidi, kila moja likizidi milimita 5 kwa upana. Wiki chache zilizopita nilimpima mtoto kama wako karibu na dirisha, umeme ulikuwa umekatika, kwa rula ya shule ya dada yake. Tulipata 11 yaliyopita kipimo na 4 yasiyopita. Kisha nikamwambia anyanyue mikono. Kwapani palikuwa na vitone kama mtu amemnyunyizia unga wa kahawa, mahali ambapo jua halifiki kabisa. Vitone vya kwapani au kwenye mapaja karibu na kinena vina uzito mkubwa kwetu. Madoa 9 ya mwanao, kama yote yamepita milimita 5, pamoja na hivyo vya kwapani, yanaelekea NF1 moja kwa moja.

Yanaelekea, lakini hayajafika. Kuna jeni nyingine, SPRED1, kwenye kromosomu ya 15, ambayo kazi ya protini yake ni kuishika nyurofibromini mkono na kuipeleka kwenye utando ilipo RAS. Ikiharibika, mfunikaji yupo mzima ila hafiki kwenye mbabula. Mtoto anapata madoa na vitone vya kwapani vilevile, lakini havimletei vinundu. Hali hiyo inaitwa ugonjwa wa Legius, ilijulikana mwaka 2007 tu, na ni nyepesi kuliko NF1. Ngozi peke yake haiwezi kuzitenganisha mbili hizi. Kipimo cha kusoma jeni ndicho kinachotenganisha, na mara nyingi sampuli ya damu inabidi isafirishwe nje kwa gharama ambayo si ya mshahara wa kawaida. Maoni yangu: kama fedha ni za kukopa, usikope kwa ajili hiyo leo. Tutamfuatilia kana kwamba ni NF1, na muda utasema mengi bure.

Kumfuatilia ni hivi. Macho kwanza, kila mwaka, na umri wa miaka 6 uko ndani kabisa ya kipindi kinachotuhangaisha. Kama watoto 15 kati ya 100 wenye NF1 hupata uvimbe kwenye njia ya neva ya jicho, wengi wao kabla ya miaka 7. Nusu na zaidi ya hao hawasumbuliwi nao kamwe, lakini mtoto mdogo hasemi "sioni vizuri", anasogea tu karibu na ubao. Ukiona kengeza jipya, jicho moja limetokeza mbele, au dalili za kubalehe zinaanza mapema isivyo kawaida, usingoje mwaka uishe. Kama macho ni mazima na hana dalili, skana ya kichwa si ya lazima, hata kama kuna atakayekushauri uifanye "kwa usalama". Fedha hiyo iweke.

Shinikizo la damu pia kila mwaka, na kwa mkanda wa saizi ya mtoto, maana mkanda wa mtu mzima kwenye mkono wa mtoto unadanganya. Uti wa mgongo uangaliwe akiwa ameinama.

Shule ndiyo ningependa uitazame kwa makini kuliko yote, kwa sababu ndiyo inayosahaulika. Ile RAS inayochelewa kuzimwa iko pia kwenye seli za ubongo, na huko kasoro ya nakala moja tu inatosha kuvuruga kidogo kazi ya kutulia, kupanga na kukumbuka. Nusu na zaidi ya watoto hawa wana shida fulani ya kujifunza, ingawa akili za wengi wao si pungufu. Anasoma sentensi ya kwanza vizuri, ya pili mawazo yamekwenda. Mwalimu mwenye darasa la watoto sabini anaandika "mvivu", nyumbani anachapwa. Mwende mkaongee na mwalimu mapema, mtoto akae mbele, kazi apewe kipande kwa kipande.

Kaka yako amesema kweli, dawa ipo. Inaitwa selumetinib, na Marekani iliikubali Aprili 2020 kwa watoto wa kuanzia miaka 2. Unakumbuka mnyororo wa RAS, RAF, MEK, ERK? Dawa haigusi jeni wala haimrudishi mfunikaji. Inakaa kwenye MEK, katikati ya mnyororo, na kuuzuia ujumbe usipite. Mwaka 2025 ikafuata nyingine ya aina hiyohiyo, mirdametinib. Lakini msikie vizuri: dawa hizi ni za uvimbe mmoja maalumu, ule mkubwa unaosambaa ndani kufuata neva kama mizizi ya mti, ambao daktari wa upasuaji hawezi kuutoa wote. Kwa watoto wenye uvimbe huo, takriban theluthi mbili hupungua kwa kiasi cha maana. Bei yake ni kubwa mno, inaleta vipele, kuharisha na vidonda vya kucha, moyo na macho lazima vipimwe wakati mtoto anaitumia, na ikisimamishwa uvimbe unaweza kuanza kukua tena. Kwa madoa haina kazi. Mwanao kwa leo haihitaji, na isitumwe kwenye mfuko wa mtu anayesafiri.

Krimu za kung'arisha ngozi pia, tafadhali, usiziguse. Zitamchubua ngozi iliyo nzima na doa litabaki palepale.

Picha ulizoziona kwenye simu najua ndizo zilizokutia hofu zaidi. Ni za watu walioathirika kuliko wote. Mwenye madoa na vinundu vinne hapigwi picha na mtu, yuko sokoni anauza nguo. Hata hivyo sitakuficha hatari moja: katika maisha yote, kama watu 8 hadi 13 kati ya 100 wenye NF1 hupata saratani inayoanzia kwenye uvimbe wa neva, mara nyingi wakiwa watu wazima. Dalili zake unaweza kuzishika kwa mkono. Uvimbe uliokuwa laini umekuwa mgumu. Unakua kwa wiki, si kwa miaka. Unauma usiku hata bila kuguswa. Mguu au mkono umepungua nguvu. Ukiona hata moja kati ya hizo, siku hiyohiyo mlete, na asiwepo mtu wa kuuchanja kwanza.

Tukutane basi. Njoo na mtoto akiwa amevaa kaptula, daftari lake la shule la muhula huu, na rula. Baba yake aje pia, avae shati la kuvua kwa urahisi. Na kama mama mkwe ana nafasi asubuhi hiyo, kiti cha nne kipo.